Mama Tiketi na Mnada wa Masufuria

Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kupita ndani ya mabehewa na kusema neno moja: "Tiketi." Hakusema tafadhali wala habari za safari. Alinyoosha mkono, na wakati abiria anapekua mfuko, yeye alikuwa akimtazama usoni. Hata baada ya kustaafu, mtaa mzima ulimwita Mama Tiketi, na wengi hawakuwahi kujua jina lake jingine.

Kazi ile ilimwachia vitu viwili, magoti mabovu na mashaka. Ukimpa nafasi, angekueleza jinsi mtu asiye na tiketi anavyojulikana. Anasinzia ghafla mara tu mlango wa behewa unapofunguka. Au anachangamka kupita kiasi, anakusalimia kabla hujamfikia, anakuuliza saa ilhali mkononi amevaa saa. "Mwenye tiketi hana habari na mimi," alipenda kusema. "Anatafuna karanga zake."

Macho hayo alirudi nayo nyumbani kila siku. Muuza maziwa alitakiwa kupima kwa kikombe cha mwenye nyumba. Fundi bomba alifuatwa mpaka chini ya sinki. Mumewe, mesenja katika ofisi ya wapima ardhi na mtu mpole kuliko wote mtaani, aliishi naye miaka yote hiyo akiulizwa "ulikuwa wapi?" na akijibu bila kukasirika, "Kazini, mama. Kazini."

Mume huyo alikuwa na udhaifu mmoja: hakuweza kuona kitu kinatupwa. Kila ofisi ilipohama au kubadilisha samani, yeye alirudi na kitu begani. Alipofariki, chumba cha nyuma kilikuwa kimejaa mpaka dirishani. Kulikuwa na redio kubwa ya mbao, kandili tatu, saa ya ukutani isiyotembea, taipureta iliyokosa herufi, mabeseni ya bati na masufuria ya kantini. Juu ya vitu hivyo dari ilikuwa imetota kwa mvua na kuanza kushuka tumbo.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, muuza dawa katika duka la dawa karibu na stesheni. Kila alipokuja alisema, "Mama, tuvitoe hivi vitu tutengeneze dari."

"Tutavitoa," mama alijibu. Vikakaa miaka minne.

Sasa, kulikuwa na kipindi cha televisheni kilichopendwa sana, Kabati la Bibi. Watu wa televisheni waliingia nyumbani kwa mtu, wakapekua makabati na stoo, na mtathmini akakadiria bei ya kila kitu cha zamani. Baada ya wiki kadhaa vitu vilipelekwa mnadani mbele ya kamera, na fedha zikatatua shida ya mwenye nyumba. Mama Tiketi hakukosa hata Jumamosi moja, lakini alikitazama kama yuko kazini.

"Huyo analia kabla hajatajiwa bei," alisema. "Na hilo birika mbona linang'aa? Stoo gani hiyo haina vumbi?"

"Mama, ni burudani tu," binti alisema.

"Burudani ya nani?"

Binti akacheka. Siku chache baadaye alijaza fomu ya kipindi bila kumwambia. Walipopiga simu kwamba nyumba imechaguliwa, Mama Tiketi alikaa kitini muda mrefu na simu mkononi.

"Wamenijuaje?"

"Mimi ndiye niliyejaza, mama. Dari itatuangukia."

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa sababu lilikuwa kweli lilimkaa vibaya zaidi.

Walikuja Jumanne asubuhi na magari mawili. Alisimama mlangoni akamtaka kila mmoja aonyeshe kitambulisho, kuanzia mtangazaji ambaye nchi nzima ilimjua kwa sura, hadi mbeba nyaya. Alilinganisha kila picha na uso wake. Mtu mmoja alibaki kwenye gari la pili akisoma gazeti.

"Na wewe?" alimwita.

"Mimi dereva tu wa mtathmini, mama. Siingii."

Hakuingia kweli, lakini Mama Tiketi alimtazama vya kutosha. Alikuwa amevaa kofia ya kahawia, na sikio lake la kushoto lilikuwa limekatika ncha.

Mtangazaji alimwomba afunge mlango, abishe hodi yeye, kisha mama afungue kwa mshangao.

"Nimeshakufungulia. Nishangae nini?"

"Ni kwa ajili ya kamera, mama yangu."

"Kwa hiyo wale wote ninaowaona kila Jumamosi hawashangai?"

Watu wa kamera wakaangua kicheko. Mlango ulifunguliwa mara nne, na mara zote uso wake ulikuwa uleule.

Kabla hawajagusa kitu alidai asomewe masharti yote. Mtangazaji akasoma kurasa tatu akiwa amesimama. Walipofika penye maneno kwamba hakuna mfanyakazi wa kipindi anayeruhusiwa kununua mali mnadani, wala ndugu yake, wala mtu yeyote aliyetumwa naye, Mama Tiketi alisema, "Hapo rudia." Akarudia. Ndipo akatia sahihi.

Mtathmini alikuwa mzee wa makamo mwenye miwani ya mnyororo na sauti laini. Watazamaji walimpenda kwa sababu alishika kila kitu kama anashika mtoto mchanga. Chumbani aliisifu redio mpaka mtangazaji akapiga makofi. Akazisifu kandili. Alieleza habari za taipureta kwa dakika kumi nzima. Mama Tiketi alisimama pembeni, mikono nyuma, akitazama mikono ya yule bwana badala ya mdomo wake.

Chini ya rafu kulikuwa na sanduku la mbao, urefu wa mkono kutoka kiganja hadi kiwiko, lenye shaba kwenye pembe. Marehemu alilitumia kwa kiwi na brashi za viatu, na mbao yake ilikuwa imeingia madoa meusi. Mtathmini alilivuta. Akaligeuza. Kidole gumba chake kikapita chini ya kitako, polepole, kikasimama mahali pamoja. Kisha alilirudisha sakafuni na kusema, "Naomba maji ya kunywa."

Glasi ya maji aliyopewa dakika tano kabla ilikuwa imejaa bado, juu ya redio.

Hapo machale yakamcheza Mama Tiketi. Alimletea maji mengine na kumtazama anavyokunywa. Yule bwana alianza kuongea kwa kasi: ah, mama, una nyumba nzuri, ah, mvua za mwaka huu, ah, hivi sasa ni saa ngapi? Na saa alikuwa nayo mkononi.

Vitu vilipopangwa mafungu, kila kimoja kilipata namba yake, lakini masufuria, mabeseni na lile sanduku viliwekwa pamoja, fungu la arobaini na moja, vyombo mchanganyiko.

"Mbona sanduku limewekwa na masufuria?" aliuliza.

"Limechoka, mama. Peke yake halitapata mtu."

"Lichukueni tu," binti alidakia. "Sanduku la viatu hilo."

Mama akamgeukia binti yake. Hakuna aliyekuwa amemuuliza yeye.

Na walipokuwa wanapakia, aliona kitu kingine kupitia dirisha la jikoni. Getini, mbali na kamera, mtathmini alimwinamia binti akamnong'oneza jambo. Binti akatoa kalamu, akaandika kwenye kikaratasi, akampa. Yule bwana akakitia mfuko wa shati, upande wa kushoto, akaupigapiga mfuko kwa kiganja.

Hakuuliza siku ile. Alisubiri kama alivyokuwa akisubiri treni ipite daraja, mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kuruka. Asubuhi iliyofuata binti alipitia na mkate akielekea kazini.

"Kile kikaratasi ulichompa yule bwana getini ni cha nini?"

"Kikaratasi? Aa, aliniuliza dawa ya tumbo, nikamwandikia."

"Dawa ya tumbo."

"Ndiyo. Anaumwa vidonda."

"Mkaenda kunong'onezana getini kwa sababu ya tumbo?"

"Mama, mtu ataeleza habari za tumbo lake mbele ya kamera?"

Mama Tiketi alikata mkate vipande viwili, akavitazama. "Wamekuahidi nini?"

Binti alidhani ni mzaha, akatabasamu. Kisha akaona uso wa mama yake, na tabasamu likaisha.

"Baba ulimkagua maisha yake yote," alisema. "Alikuwa anakuja dukani kwetu anakaa tu, ili akikawia awe na mtu wa kumshuhudia. Ulijua hilo? Na mimi sasa unanitaka tiketi."

"Nimekuuliza swali tu."

"Mwanao hajakuibia, mama."

Alitoka bila kuaga. Wiki hiyo hakuja, wala iliyofuata. Mama Tiketi alijisemea kwamba mtu asiye na kosa hakasiriki hivyo. Alijisemea hilo wakati anafagia, na tena wakati anaosha vyombo, na kila mara lilizidi kupungua nguvu.

Siku ya mnada alipanda basi peke yake, amejifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki vyeupe, jukwaa, na taa kali za televisheni. Dalali alikuwa mwanamke mnene mwenye nyundo ndogo na sauti ya kuamsha wafu. Mtangazaji alikuwa amemtengea Mama Tiketi kiti mbele, lakini yeye alikaa safu ya mwisho, ukutani, ili vichwa vyote viwe mbele yake. Safu tatu mbele aliona kofia ya kahawia. Mtu aligeuza shingo kidogo, na sikio la kushoto likaonekana, halina ncha.

Redio ilinunuliwa vizuri. Kandili zikaenda. Kofia ya kahawia haikutikisika.

"Fungu la arobaini na moja!" dalali alipaza sauti. "Masufuria, mabeseni na sanduku. Nani anaanza?"

Kofia ikainua mkono na kutaja bei ya sahani moja ya chakula hotelini. Ukumbi ukacheka. Hakuna mwingine aliyetaka masufuria ya kantini.

"Mara ya kwanza. Mara ya pili..."

"Naongeza," Mama Tiketi alisema.

Kofia ikageuka nyuma, haikumtambua ndani ya kitambaa, ikaongeza. Naye akaongeza. Bei ikafika ya jozi ya viatu, ikapita. Ikafika ya baiskeli. Watu waliacha kucheka, wakaanza kunyoosha shingo kuyatazama masufuria upya. Ilipokaribia bei ya friji, alikuwa anataja fedha ambazo hakuwahi kuzishika mkononi kwa pamoja. Mtathmini, aliyekaa pembeni mwa jukwaa, alikuwa anafuta miwani ambayo ilikuwa safi.

Mtangazaji ndiye aliyemtambua kwanza. "Jamani! Si huyu ndiye mwenye vitu?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Dalali alishusha nyundo. "Mama, mwenye mali haruhusiwi kuipandishia bei mali yake. Ni sheria."

"Najua," Mama Tiketi alisema, akavua kitambaa. Magoti yalikuwa yanamuuma lakini alisimama wima. "Basi msome na ile sheria nyingine. Mfanyakazi wa kipindi haruhusiwi kununua, wala mtu aliyetumwa naye. Huyu bwana wa kofia alikuja nyumbani kwangu ndani ya gari la mtathmini. Nilimuomba kitambulisho, akaniambia yeye dereva. Muulizeni kama uongo. Na muulizeni dereva ana wapishi wangapi mpaka anunue masufuria kwa bei ya friji."

Hakuna aliyecheka. Yule wa kofia aliangalia mlango, lakini mlangoni kulikuwa na watu wamesimama.

Dalali alikuwa mtu wa biashara, si mjinga. "Hebu leteni hilo sanduku hapa," alisema. Akamgeukia mtathmini. "Mzee, wewe ndiye uliyelipima. Tuambie ni nini."

"Sanduku la kawaida," mtathmini alisema. Sauti yake laini ilikuwa imekauka. "Mbao iliyochoka."

Mzee mmoja muuza samani kuukuu, aliyekuwa safu ya mbele, aliomba alitazame. Alilipindua, akaweka kidole gumba mahali palepale Mama Tiketi alipoona kile kidole kingine kikisimama. Chini ya kitako kulikuwa na muhuri wa fundi, umegongwa ndani ya mbao. Akalifungua, akatoa makopo ya kiwi moja moja, akabonyeza kona ya ndani. Kipande cha ubavu kikaruka, droo nyembamba ikatokeza. Ukumbi mzima ukasema "aaa!" Ndani hamkuwa na kitu isipokuwa mende mkavu.

"Hili ni sanduku la kuandikia la wapima ramani wa zamani," mzee alisema. "La safari. Nimeona mawili tu maisha yangu yote, na yote yalikuwa yamevunjika. Anayelijua hawezi kuliweka na masufuria kwa bahati mbaya."

Dalali akaliondoa fungu mnadani. Mtathmini alishuka jukwaani kimyakimya na kutokea mlango wa nyuma.

Mama Tiketi alimfuata kwenye korido. Watu wengine wangeridhika na yaliyokwisha kutokea, lakini yeye alikuwa na jambo moja bado.

"Simama," alimwambia. "Na binti yangu mlipatana nini?"

Yule bwana aligeuka. Katika nyuso zote alizozisoma maishani, chache zilikuwa wazi kama ule. Hakuelewa swali.

"Binti yako?"

"Kikaratasi. Getini."

Alipapasa mfuko wa shati, akakitoa, kimekunjika na kulainika kwa jasho. "Ni dawa ya vidonda, mama. Na imenisaidia. Chukua."

Kwa mwandiko wa binti yake, herufi za kuegemea mbele kama za baba yake, kulikuwa na jina la vidonge, na chini yake: *kimoja asubuhi, kimoja jioni, kabla ya chakula. Pole sana.*

Alibaki amesimama koridoni mpaka mfagiaji akamwomba apishe.

Siku iliyofuata alikwenda duka la dawa. Kulikuwa na foleni, akapanga. Binti alimwona kutoka mbali, akaendelea kuhudumia watu mmoja mmoja bila haraka. Zamu yake ilipofika, aliulizwa kama mteja yeyote, "Nikusaidie nini?"

"Nimekiona kikaratasi," mama alisema.

"Ndiyo?"

"Ni cha dawa."

"Nilikuambia ni cha dawa."

"Uliniambia." Nyuma yake mtu alikohoa. Aliyatafuta maneno, na hayo hakuwa amezoea kuyatafuta. "Nimekukosea, mwanangu. Na baba yako pia, lakini yeye siwezi kumfuata."

Binti alipanga upya maboksi ya dawa ya kikohozi yaliyokuwa yamepangika tayari. "Ungeamini kama usingekiona?" aliuliza.

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Mama Tiketi alifikiri kwa uaminifu, mbele ya foleni nzima.

"Sijui," alisema.

"Basi," binti alisema. Aliinua macho kumtazama aliyefuata, halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Nitakuja Jumapili."

Sanduku liliuzwa baadaye katika mnada mwingine, usio na kamera, na yule mzee wa samani alisimamia mwenyewe. Lilitosha dari ya chumba cha nyuma na ya vyumba viwili vingine, na magoti yakapata daktari. Mtathmini hakuonekana tena kwenye televisheni. Kipindi kilirushwa bila kutaja lolote. Mama Tiketi alionekana kwa sekunde kumi hivi, akifungua mlango bila mshangao, kisha ikaonyeshwa redio. Mtaani walimwambia alipendeza. Aliwauliza wanamaanisha nini.

Binti alikuja Jumapili ile, na zilizofuata. Alisaidia kufagia, alikula, alisimulia habari za kazini. Ila kwa miezi mitatu alibisha hodi na kusubiri nje kama mgeni, ilhali ufunguo wa nyumba alikuwa nao kwenye mkoba tangu akiwa shule. Mama alimfungulia kila mara bila kumuuliza sababu.

Kisha asubuhi moja ya mvua, Mama Tiketi yuko kwenye sinki na mikono ina povu, alisikia ufunguo unaingia kwenye kitasa na kuzunguka. Alitamani kugeuka atazame uso wa anayeingia. Hakugeuka. Aliendelea kuosha kikombe kilekile mpaka aliposikia viatu vinavuliwa mlangoni, na sauti ya binti yake ikiuliza kama chai ipo.

"Ipo," alisema.